Siku Moja ya Kutembea Peke Yetu Mjini Butembo

Kwetu mtu hatembei bure. Akionekana njiani asubuhi amevaa nguo safi, wa kwanza atakayekutana naye atamwuliza: "Unakwenda kwa nani?" Naye hujibu kwamba anakwenda harusini, au matangani, au sokoni, au kumtazama mgonjwa hospitali. Mtu akijibu, "Ninatembea tu ili nione mji," watu hutazamana. Wenye huruma humwonyesha njia ya kurudi kwao.

Sivyo ilivyo katika miji mingine ya dunia. Katika miji mikubwa ya Asia ya Kusini Mashariki, kama vile Bangkok, Jakarta na Singapore, wageni hufika kila siku, wengi wao peke yao, wakatembea tangu asubuhi hata jioni. Huingia mahekaluni na sokoni, hula chakula kando ya njia, na kulala wamechoka kwa furaha. Wafanyabiashara wetu wa Butembo wanazijua safari za mbali pia. Wengi wamefika Jakarta, Hong Kong, Guangzhou na Dubai, wakarudi na vitambaa, vyombo na pikipiki. Ukiwauliza habari za maghala ya huko, watakueleza yote. Lakini ukiwauliza, "Je, mji wenu wenyewe mmepata kuutazama siku nzima?" watacheka.

Basi sisi tulipata siku moja, kati ya kazi mbili. Mwenzetu aliyeahidi kufuatana nasi alishikwa na homa, akabaki nyumbani. Tukasema: haidhuru, tutakwenda peke yetu. Tutautembea Butembo kama mgeni autembeavyo mji wa ng'ambo, kisha jioni tutashuka Beni tulikoalikwa kulala. Wasomaji wapenzi, haya ndiyo tuliyoyaona.

ASUBUHI KATIKA UKUNGU

Butembo uko juu milimani, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kaskazini kidogo tu ya ikweta. Msitari wa ikweta wenyewe hupita kusini yake, kati ya Butembo na Lubero. Kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili kila siku ya mwaka, lakini baridi ya asubuhi humfanya mgeni aulize kama kweli yuko katikati ya dunia. Ukungu ulikuwa ungali umelala mabondeni, na mikaratusi ilisimama ndani yake kama watu waliofunikwa mashuka.

Tulianza safari yetu mahali ambapo Mkristu huanza, yaani kwenye Misa Takatifu. Kanisa lilikuwa na watu wengi kuliko tulivyotazamia kwa siku ya kazi. Akina mama walikuwa wameacha mizigo yao ya sokoni nje, karibu na mlango, bila mlinzi. Baada ya baraka ya mwisho kila mmoja alichukua mzigo wake. Hatukumsikia hata mmoja akilalamika kwamba wake umepungua.

Yafaa tukumbuke kwa ufupi jinsi imani ilivyofika hapa. Mapadre wa shirika la Waasumpsionisti, shirika lililoanzishwa Ufaransa na Padre Emmanuel d'Alzon, waliingia Kongo mwaka 1929. Mwaka 1934 nchi hii ikafanywa misioni yenye kujitegemea, iitwayo Beni. Mwaka 1938 ikawa Vikarieti chini ya Mhashamu Henri Piérard, na mwaka 1959 ikawa Jimbo. Mwaka 1967 Jimbo likapewa jina la Butembo-Beni. Miji hii miwili ni kama ndugu wawili wa tumbo moja: hawafanani tabia, lakini msiba wa mmoja ni msiba wa mwenziwe.

MJI ULIOJENGWA NA WENYEWE

Kutoka kanisani tulishuka mpaka barabara kubwa, ile iitwayo Rue Président de la République. Lo, shughuli yake! Pikipiki zilipita mbele na nyuma yetu, nyingine zimepakia watu watatu, nyingine mabati, na moja imepakia mbuzi mzima aliyetulia kama abiria aliyelipa nauli. Vijana walisukuma chukudu zao za mti zilizojaa magunia ya viazi, na kila walipofika penye mteremko walipanda juu yake, wakatelemka kwa mwendo wa kuogofya. Kando ya njia yamesimama majumba ya ghorofa ya wafanyabiashara, na chini ya kila jumba maduka ni mengi kama matundu katika mzinga wa nyuki.

Mji huu ulianza kukua wakati wa Wabelgiji, kampuni ya madini iitwayo Minière des Grands Lacs ilipokuwa na kambi yake hapa. Leo una komuni nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Jambo la kumshangaza mgeni ni hili: sehemu kubwa ya yale ayaonayo haikujengwa kwa fedha ya serikali. Kwa miaka mingi mji haukuwa na umeme wa serikali, wala mtu wa kuzitunza barabara. Mkulima aliyeuza kahawa akanunua duka, mwenye duka akanunua gari, wenye magari wakachanga fedha ili barabara ipitike. Siku ya salongo watu walitoka na majembe, tajiri na maskini.

Aliyewafundisha sana watu wa Butembo kufanya hivyo ni Mhashamu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa Askofu wao tangu mwaka 1966 hata 1997. Aliwaambia watu wasikae wakingoja. Chini yake kilianzishwa, mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Tulifika mpaka langoni pa chuo hicho, tukasimama kuwatazama wanafunzi wakiingia na madaftari yao. Neno "Graben" ni la Kijerumani, nalo lina maana ya handaki: ndilo jina walilolipa wataalamu bonde lile kubwa lililozama kati ya milima yetu, ambamo mna Ziwa Edward na mto Semuliki.

Mwaka 1997 Mhashamu Kataliko alifanywa Askofu Mkuu wa Bukavu. Kwa Noeli ya mwaka 1999 aliandika barua ya kuutetea umma uliokuwa ukionewa wakati wa vita, na kwa ajili ya barua ile wenye silaha walimzuia asirudi Bukavu. Mwezi wa Februari 2000 akapelekwa uhamishoni. Na uhamisho wenyewe ulikuwa wapi? Hapa hapa Butembo, kati ya wanawe wa zamani! Alirudi Bukavu mwezi wa Septemba, na tarehe 4 Oktoba 2000 alifariki dunia huko Roma. Watu wazima wa Butembo wakilitaja jina lake, hupunguza sauti kidogo, kama mtu anayemtaja baba yake mzazi.

KIJANA WA DARAJANI

Saa sita kengele ilipolia, tulikuwa tumesimama kando ya mto Kimemi, tukasali Malaika wa Bwana. Kisha tulikaa pale kutazama maji na watu. Kijana mmoja mwenye shati jeupe na suruali ya buluu, anatoka shule, alitupita, akageuka, akatupita tena. Mwishowe akasimama.

"Papa, samahani. Unatafuta nyumba ya nani?"

"Hatutafuti nyumba, kijana wetu. Tunatazama mji."

Alitazama huku na huku, kana kwamba amesahau kitu. "Lakini, Papa, hapa hapana kitu cha kutazama. Watu wanaotaka kutazama miji wanakwenda Ulaya."

Tulimwambia habari za ghorofa, za chuo kikuu, na za viazi vinavyoshuka kutoka milima ya Lubero. Alisikiliza kwa adabu, lakini tuliona hakusadiki. Kisha akasema, "Kama unataka kutazama kweli, njoo." Akatangulia. Alitupeleka mpaka makaburi ya Kitatumba.

Wasomaji wetu wanakumbuka Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia upande wa Mangina, karibu na Beni, nayo ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika muda ule watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Butembo na Katwa ni kati ya mahali palipopigwa sana. Ugonjwa huu hupita katika damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Kwa hiyo desturi zetu zilizo nzuri, yaani kumshika mgonjwa mkono na kumwosha marehemu, ndizo zilizougeuza upendo kuwa njia ya kifo. Hata kanisani waamini waliacha kupeana mikono ya amani.

Kijana alisimama penye msalaba mmoja. "Ni mama mdogo," akasema. "Ndiye aliyenilea." Akatueleza polepole. Wauguzi walikuwa wamekuja na chanjo, lakini mjini palikuwa na maneno: wengine walisema ugonjwa umetungwa ili watu fulani wapate fedha, wengine walisema sindano yenyewe ndiyo inayoua. Nyumbani kwao mkubwa mmoja wa jamaa alikataa, na wote wakamtii. Baada ya majuma matatu mama mdogo aliugua. Walimficha siku nne.

Hatukujua la kumjibu. Maneno yale ya mjini yaliwaua wengi. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutunza wagonjwa huko Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 mganga Richard Mouzoko, mwana wa Kamerun aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu kile kile tulichokitazama asubuhi. Tusiwahukumu upesi waliokuwa na hofu. Watu walioachwa wauawe miaka mingi bila kuokolewa, kisha wakaona ghafula magari mengi yanakuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja, walijiuliza kwa nini. Swali lao lilikuwa la haki. Jibu walilolichagua ndilo lililokuwa baya.

Na dawa ilikuwako. Chanjo iliwalinda watu wengi mno. Tena katika majaribio yaliyofanywa katika nchi yetu, dawa mbili zilionekana mwaka 2019 kuwa zinaokoa wagonjwa wanaofika mapema. Moja ya dawa hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, na katika kazi hiyo alikuwamo Mkongo mwenzetu, Profesa Jean-Jacques Muyembe.

"Sasa unataka kufanya nini?" tulimwuliza yule kijana.

"Nataka kusomea uganga, Papa. Pale Graben, Mungu akipenda na karo ikipatikana." Alinyamaza kidogo. "Wewe unaandika gazetini, sivyo? Nimeona karatasi zako. Ukiandika, usiandike kwamba hapa watu wanakufa tu. Andika vilevile kwamba tunasoma."

Tumeandika.

MAMA WA SAMAKI

Hatukutaka kufika Beni mikono mitupu, tukaingia sokoni. Ukitaka kuujua mji, usiulize wakubwa, nenda sokoni. Hapa pana kabichi na vitunguu vya milimani, pale pana mafuta ya mawese yatokayo mabondeni, sombe imetwangwa tayari, na makayabu yamepangwa kama vitabu. Upande mmoja wamekaa wauza samaki wa Ziwa Edward, watokao Kyavinyonge, wamekaushwa kwa moshi.

Mama mmoja alikuwa na kikapu kidogo kuliko vya wenziwe. Tuliwaona samaki wanne wakubwa juu, tukauliza bei, tukatoa fedha. Yeye akauzuia mkono wetu.

"Hao wa juu hapana, Papa. Juzi walinyeshewa. Ukiwapeleka safari wataharibika, na utawapa watoto ugonjwa. Chukua hawa wa chini."

"Lakini wa chini ni wadogo, Mama, na fedha tumekwisha kutoa."

"Nitakurudishia zinazobaki."

Akatuhesabia faranga moja moja. Tulimwuliza kwao ni wapi. Akataja kijiji cha upande wa Beni, ambacho hakukaliki tena. Mumewe aliuawa shambani. Amekuja Butembo na watoto watatu, na wawili wako shuleni. Kikapu kile kilikuwa mali yake yote. Samaki wale wanne wangempa chakula cha siku mbili, na sisi tusingaliweza kurudi kumgombeza.

Tulipokuwa tukiondoka tulimkumbuka Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, yule kijana wa Goma aliyekuwa mfanyakazi wa ofisi ya kukagua bidhaa. Mwaka 2007 alikataa rushwa ili asiruhusu vyakula vilivyoharibika viingie na kuuzwa kwa watu, akauawa kwa ajili hiyo. Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Sisi twafikiri kwamba wenye heri ni watu wa mbali, wenye mwanga kichwani. Kumbe mwanzo wa njia yao ni huku kuuzuia mkono wa mnunuzi na kusema: "Hao hapana."

KUSHUKA BENI

Saa nane tulikuwa kituoni pa magari. Kutoka Butembo hata Beni ni kilomita 54, si mbali. Lakini hapa abiria hawaulizi kwanza nauli, huuliza: "Njia iko namna gani?" Dereva hujibu, abiria wengine huongeza waliyoyasikia, na kila mtu huamua moyoni mwake. Tangu Oktoba 2014 maelfu ya watu wameuawa katika nchi ya Beni na jirani zake, wengi kwa mapanga, wengi mashambani mwao. Twakiri kwamba tulisita. Asubuhi kutembea peke yetu kulikuwa furaha, na pale kituoni tulijua upweke ni kitu gani. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele akaona uso wetu, akasogea, akapiga sehemu iliyobaki kwa kiganja: "Papa, ingia. Tunakwenda wote." Gari lilipoanza kwenda akatoa rozari yake, nasi sote tukaitikia, hata dereva.

Tulipita Maboya. Hapo, usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Oktoba 2022, hospitali ilishambuliwa na kuchomwa, na Sista Marie-Sylvie Kavuke Vakatsuraki, aliyekuwa mganga, aliuawa pamoja na wengine. Gari zima lilinyamaza mpaka tulipopita, kisha mama yule akaendelea na Salamu Maria palepale alipokuwa ameachia.

Kadiri tulivyoshuka joto liliongezeka. Beni uko karibu mita 1,200 tu, mlangoni pa msitu mkubwa. Hapa mikaratusi hupungua na migomba hunenepa. Kakao ilianikwa mbele ya nyumba, na harufu yake kali ilitujia hata ndani ya gari. Kwenye Boulevard Nyamwisi tuliwaona watu wengi kuliko zamani. Baada ya Goma kuchukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, serikali ya mkoa ilihamia Beni, na pamoja nayo wakaja watu wengi waliokimbia vita. Mji uliokuwa ukiliwa na msiba wake mwenyewe ulifungua mlango kwa misiba ya wengine.

Kabla giza halijaingia tulipita kwenye kanisa la Emmanuel-Butsili. Jumapili tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka humo, likawajeruhi wanawake wawili. Jioni ile watoto walikuwa ndani wakijifunza nyimbo za Dominika, nao walikuwa wakikosea sana, na mwalimu wao alikuwa akiwarudisha mwanzo kila mara.

Wenyeji wetu walitupokea kwa furaha. Mtoto wa nyumba alituuliza tumeona nini Butembo siku nzima, peke yetu, bila kazi. Tukajaribu kumweleza habari za ukungu, za mbuzi juu ya pikipiki, za kijana wa darajani na mama wa samaki. Mwisho mama wa nyumba akaweka sufuria mezani. Samaki wale wadogo hawakuwa wameharibika hata mmoja, nao walitutosha wote.